Kuchonga ufunguo wa kufuli la kale kwa tupa

Makufuli ya kale yanayopatikana Tanga mara nyingi hayana ufunguo. Yametoka kwenye maghala ya mkonge, kwenye stoo za reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893, kwenye makasha ya nyumbani na milango ya maduka ya Ngamiani, na kila lilipohama kwa mwenyewe mpya ufunguo ulibaki kwa yule wa zamani. Ukikuta jina la Willenhall, Velbert au Aligarh limegongwa kwenye mwili wa kufuli, hiyo ni miji inayojulikana kwa kazi ya kufuli: ya kwanza Uingereza, ya pili Ujerumani, ya tatu India.

Mwongozo huu unahusu kufuli la leva, yaani lenye vibati vya ndani vinavyonyanyuliwa na ufunguo, linalotumia ufunguo wa bomba, yaani ufunguo wenye tundu kwenye ncha, unaoingia juu ya kipini kilichosimama katikati ya tundu la kufuli. Kanuni moja inatawala kazi yote: tupa haigusi kufuli. Usipanue tundu, usikate kipini, usitoboe ribiti za mgongoni ili uchungulie ndani. Kila kosa lilipwe na ufunguo, kwa sababu nondo ya kuchongea ufunguo mwingine ipo duka lolote la vifaa vya ujenzi, na kufuli lenye umri wa miaka mia halipo.

Kazi hii ni ya kufuli lako mwenyewe, lililo mkononi mwako. Likiwa bado limening'inia kwenye mlango wa nakshi, liache hapo kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, na pete na tumbuu za mlango ule ni sehemu ya kazi ile ile. Ongea na watu wa Mambo ya Kale kabla hujagusa.

Kusafisha

Usipime chochote kabla ya kuondoa kutu. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hukaa pale usipopaona, kati ya leva na leva. Lining'inize kufuli ndani ya kopo la mafuta ya taa kwa saa 24, tundu likitazama chini ili uchafu udondoke. Likitazama juu, uchafu unatuama ndani na kazi inakuwa ngumu kuliko mwanzo. Kufuli lililoganda sana liache saa 48. Litikise, lisuuze kwa mafuta ya taa masafi mara mbili, kisha likauke kivulini siku nzima.

Ndimu na majivu weka mbali. Ni dawa nzuri ya kung'arishia sinia, lakini asidi ya ndimu ikipenya ndani inakula springi za chuma, nyembamba kama ukucha, na kwa nje inafuta ile rangi ya uzee ambayo mkusanyaji anaitafuta. Mafuta ya nazi nayo hayafai. Yanaanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai Tanga unafika huko. Yakikaa muda mrefu yanakuwa kama ulimbo. Mafuta ya cherehani ndiyo ya kutumia, ila mwisho wa kazi, si sasa. Kufuli lenye mafuta halisomeki, utaona kwa nini.

Sasa kagua springi. Chukua spoku ya baiskeli, igonge ncha iwe bapa, ikunje pembe mraba kwa urefu wa milimita 4. Ingiza taratibu, nyanyua leva moja moja kisha achia. Kila leva inatakiwa kurudi yenyewe na mlio mdogo, tik. Isiyorudi imebanwa na uchafu, basi loweka tena, au springi yake imekatika. Kufuli lenye springi iliyokatika bado linaweza kufunguka ukiligeuza ili leva ishuke kwa uzito wake, lakini lijue jambo hilo mapema, la sivyo utaendelea kuukata ufunguo usio na kosa.

Hesabu leva ukiwa hapo hapo, toka nyuma kuja mbele, na andika. Utagusa pia kitu kimoja kizito kisichonyanyuka na kisicho na springi. Hicho ndicho komeo. Andika limekaa nafasi ya ngapi, kwa sababu makufuli mengine komeo liko nyuma kabisa, mengine liko mbele karibu na uso.

Kinachotokea ndani

Komeo linazuia upinde, yaani chuma kilichopinda kinachoning'iniza kufuli. Kwenye komeo kumesimama kipini kidogo, na kila leva ina pengo lake. Ufunguo ukizungushwa unanyanyua kila leva hadi kimo chake. Mapengo yote yakikaa mstari mmoja na kipini, komeo linateleza na upinde unaachia. Leva ikipanda pungufu, komeo linakwama. Ikipanda kupita kiasi, linakwama vilevile. Leva ya kukwama pande zote mbili ilipewa hataza Uingereza na Robert Barron mwaka 1778, na ndiyo sababu kazi hii haina nafasi ya kukisia: kukata mno hakusaidii kuliko kukata kidogo.

Vipimo

Chukua nta ya nyuki kiasi cha tende moja, ilainishe kiganjani, ipake poda ya mtoto ili isinate, kisha ikandamize juu ya tundu na uitoe wima. Itatoka na umbo la tundu lote, na katikati shimo lililoachwa na kipini cha kati. Pima hapo kwa kalipa. Huna kalipa, tumia mikia ya biti za drili: mkia unaokaa sawasawa ndani ya shimo la nta ndio unene wa kipini.

Tuchukue mfano wa kufuli moja la upana wa milimita 60. Duara la tundu ni mm 6.2, kimo chote cha tundu toka juu ya duara hadi chini ya mfereji, ule mpasuo ulio chini ya duara, ni mm 15, mfereji wenyewe una upana wa mm 2.5, kipini cha kati ni mm 3. Kwa kina, ingiza spoku iliyonyooka kwenye mfereji hadi igonge bati la nyuma, ikwaruze pale inapokutana na bati la mbele, utoe na kupima; ukiondoa unene wa bati la mbele, tuseme ndani inabaki mm 11.

Kutokana na hapo: shina la ufunguo liwe mm 5.8, ili lizunguke bila kubana. Tundu la ncha litobolewe kwa biti ya mm 3.2, kina mm 13. Ulimi, yaani lile bapa litakalobeba meno, utoke nje ya shina kwa mm 8.6 (15 toa 6.2 ni 8.8, na 0.2 ni nafasi ya kupumua), upana wake kwa kufuata shina uwe mm 9, unene mm 2.

Ufunguo mbichi

Ufunguo mbichi ni ule ambao meno yake bado hayajachongwa. Njia rahisi ni kutafuta ufunguo wa kabati la zamani kwa wauza vyuma chakavu, wenye shina na tundu linalolingana na kipini, na ulimi mkubwa kuliko unaohitaji. Jaribu kadhaa. Ukipata, ruka hadi pale pa kuuingiza kwenye kufuli, kabla tu ya sehemu ya masizi. Usipopata, utengeneze.

Nondo laini ya mm 6, ile ya kukunjia ringi za nguzo, inafaa sana. Ni chuma laini, inakubali tupa, na kwa kuwa ni laini italika yenyewe kabla leva hazijalika. Msumari wa inchi 6 pia unafaa. Shaba ni tamu kuchonga, ila shina lake likiwa bomba lenye ukuta wa milimita moja na kitu, litajipinda siku kufuli litakapogoma.

Kata urefu wa mm 70. Kutoboa ncha iwe katikati kunawashinda wengi kwa sababu wanafunga nondo kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, na kuisogelea na drili. Geuza mambo: funga nondo kwenye mdomo wa drili, na biti ya mm 3.2 uifunge kwenye jiliwa ikiwa wima. Nondo ikizunguka juu ya biti iliyotulia, tundu linajitafutia katikati lenyewe. Anza na alama ya sentapanchi, zungusha polepole, tia tone la mafuta, toa kila milimita mbili na kufuta vumbi la chuma. Nondo ikiwa bado inazunguka kwenye drili, iegemeze tupa laini na kisha msasa hadi shina lifike mm 5.8.

Sasa mfereji wa kukalia ulimi. Ukuta wa bomba sasa ni mm 1.3, kwa hiyo mfereji uwe na kina cha mm 1 na usizidi. Funga nyembe mbili za msumeno wa chuma pamoja kwenye fremu moja. Zikikata sambamba zinatoa mfereji wa karibu mm 2, unaomalizika kwa tupa nyembamba. Kipande cha ulimi kikate kutoka bati la mm 2: mm 9 kwa 10.5. Milimita moja itazama kwenye mfereji na ziada ya juu utaipunguza baadaye. Kikae mm 1 kutoka ncha ya shina.

Kuunga ni kwa shaba, si kwa risasi ya redio wala kwa gundi. Ulimi ukikatikia ndani ya kufuli ndiyo ajali mbaya kuliko zote, kwa sababu unaangukia chini ya leva na hautoki. Jaza tundu la ncha kwa chaki iliyopondwa na maji, iache ikauke. Shaba haishiki penye chaki, hivyo haitaziba tundu. Piga tupa sehemu zote mbili zing'ae, funga ulimi kwa waya mwembamba wa chuma usicheze, paka boraksi, unga unaosaidia shaba kushika. Peleka kwa fundi wa gesi kwenye gereji, kazi ya dakika tano. Mwambie apashe shina zaidi kuliko ulimi, kwa kuwa ulimi mdogo utawahi kuungua. Fimbo ya shaba inayeyuka karibu na nyuzi 900, chuma kikiwa chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa, na inatakiwa ivutwe na kuingia kwenye mfereji kama maji kwenye kitambaa. Shaba iliyosimama kama tone la nta juu ya chuma haijashika, rudia. Hapo hapo mwisho wa pili upashwe na kukunjwa pete ya kushikia. Ukipoa, chokonoa chaki yote.

Ingiza ufunguo mbichi. Usisukume. Punguza ulimi kwa tupa bapa hadi uingie na kutoka kwa uzito wa mkono tu, kisha ulainishe kona zake. Mraba mkali wa kona hukwaruza bati la mbele.

Masizi

Ulimi mzima ukiwa na kimo kimoja, utanyanyua leva zote hadi zigonge mwili wa kufuli na hautazunguka. Acha sehemu ya komeo ibaki na kimo chake cha mm 8.6, na sehemu yote ya leva ishushe kwa milimita moja, iwe mm 7.6. Ikiwa bado haizunguki kufikia komeo, shusha kwa mm 0.2 kila mara hadi uhisi ufunguo umegusa kitu kizito. Hapo ndipo kazi ya kusoma inaanza.

Washa kibatari, pitisha ulimi juu ya ncha ya moto hadi uwe mweusi tii, mwembamba na sawa. Masizi mazito yanameguka na kukudanganya. Ingiza wima, bila kugusa kingo za tundu. Zungusha kwa vidole viwili hadi ubane, tikisa kidogo sana, rudisha, utoe wima. Usitumie plaiz wala koleo. Nguvu ya koleo inapinda shina, na kabla ya kulipinda inaandika alama kwenye kila leva hadi usijue ipi ni ipi.

Simama dirishani, mwanga utoke ubavuni, ulimi uushike sawa na jicho. Alama ni za aina mbili. Leva iliyoguswa tu inaacha sehemu pana ya kijivu, masizi yamefifia. Leva iliyobana inaacha mstari mwembamba unaong'aa, wenye kingo kali, kama mkwaruzo wa ukucha kwenye mgongo wa sufuria. Huo ndio unaoutafuta. Chora nafasi yake, futa masizi, na chonga hapo tu, kwa tupa ndogo, upana wa leva moja na nusu, misuguo mitatu. Tatu tu. Futa vumbi la chuma kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa chembe moja ikiingia kati ya leva inaibana na kuleta alama ya uongo. Tia masizi upya, rudi ndani.

Kama kufuli lingekuwa na mafuta, masizi yangeoshwa kabla ya kuandika lolote.

Leva moja ikishuka hadi kimo chake, mstari wake unafifia na mstari mkali unahamia leva nyingine. Ifuate hiyo. Mara nyingine inarudi kwa ile ya kwanza, nawe unaongeza msuguo mmoja. Usishawishike kuchonga leva mbili kwa mkupuo ili kuwahi. Kufuli la leva nne ni kazi ya jioni mbili, tatu, na asiyekuwa na subira hiyo ataishia kutengeneza funguo tatu mbichi badala ya mmoja. Kadiri unavyokaribia, komeo linaanza kusogea kidogo kabla ya kukwama. Vidole vitahisi ulaini uliokuwa haupo jana. Hapo punguza hadi msuguo mmoja kila mara.

Ikitokea hakuna mstari mkali popote na kufuli halifunguki, kuna jino lililokatwa kupita kiasi: leva yake haifiki kimo. Kuitambua, kata ukanda mwembamba kutoka kopo la soda, ambao unene wake ni karibu mm 0.1, ulaze juu ya jino moja na kukunja kingo zake zishike ubavu wa ulimi wa ufunguo, kisha ujaribu taratibu. Nenda jino kwa jino. Ukanda ukiwekwa kwenye jino lenye kosa, komeo litasogea zaidi au kufuli litafunguka kabisa. Jino hilo ujaze kwa shaba kwa fundi wa gesi, na ulichonge upya toka juu. Usiuache ukanda kuwa suluhisho. Utavuliwa na leva na kubaki ndani.

Kosa jingine la kawaida ni ufunguo unaofungua kwa kuinuliwa au kubonyezwa tu. Shina ni jembamba mno kwa tundu la kufuli, au tundu la ncha halikukaa katikati, kwa hiyo meno yana kimo kimoja asubuhi na kingine jioni. Hakuna tupa inayoponya hilo. Toboa nondo nyingine.

Upinde ukiachia, usiufunge. Ukiwa bado wazi, zungusha ufunguo mara kumi, kufuli likitazama juu, chini na ubavu. Likigoma hata mara moja, angalia masizi tena. Mara kumi zikipita bila kugoma, ndipo ufunge na kufungua kwa mara ya kwanza. Lainisha kingo za meno kwa msasa namba 400, bila kugusa vimo. Sasa ndiyo zamu ya mafuta ya cherehani: tone moja kwenye kila tundu la upinde, tone moja ndani ya tundu la ufunguo, basi. Yakizidi yanakusanya vumbi.

Makufuli yasiyo na leva

Kufuli la bei nafuu la zamani, lenye ufunguo bapa wa mikato ya mraba, halina leva bali kuta ndogo zinazozuia ufunguo usiokuwa wake. Masizi ni yale yale, ila alama zinaonyesha ukuta umesimama wapi, na unakata mfereji mahali hapo hadi ukuta upite. Hapa kukata kidogo zaidi hakudhuru mradi ulimi usidhoofike. Kufuli la skrubu, ambalo ufunguo wake unazungushwa ndani kama parafujo hadi uvute komeo, halihitaji kuchongwa meno. Linahitaji nondo yenye uzi unaolingana. Uzi wa zamani mara nyingi haulingani na bolti za siku hizi, kwa hiyo usilazimishe bolti yoyote. Mpelekee fundi wa mashine ya kukereza alama ya nta ya uzi huo.

Ukimaliza, chora ufunguo kwenye karatasi kwa kuuzungushia penseli, andika kimo cha kila jino toka ncha kuja peteni, nafasi ya komeo, unene wa shina na tundu. Kwenye pete gonga mwaka ulioutengeneza, kwa namba ndogo. Ufunguo uliochongwa vizuri unazeeka haraka katika hewa ya Tanga, na baada ya miaka kumi mnunuzi ataudhani ni wa asili. Mwaka uliogongwa unamwambia ukweli hata kama wewe hupo. Ufunge pamoja na kufuli kwa uzi wa pamba. Mpira una salfa, na salfa inaacha mstari mweusi kwenye shaba ambao hautoki bila kuikwaruza.